Kuoza na Kuozeka: Tatizo la Istilahi Moja ya Mazingira

Istilahi ‘taka zinazooza’ imezoeleka, lakini inachanganya tukio na uwezo. Kitenzi -oza, ambacho ni ndugu wa kivumishi -bovu na wa vitenzi kubora katika Kinyarwanda na ukubola katika Kizulu, hueleza kinachotokea. Uwezekano hubebwa na kiambishi -ik-/-ek-, ambacho hupachikwa hata kwenye vitenzi visivyo elekezi: kiti hukalika, kitanda hulalika. Kwa kanuni hiyohiyo, -ozeka ni umbo halali linalostahili kusanifishwa. Tofauti hii inagusa maana, si umbo pekee. Mfuko wa plastiki ukiitwa ‘unaooza’, msomaji huahidiwa tukio. Ukiitwa ‘unaoozeka’, anabakiwa na swali la msingi: katika joto na unyevu gani, na kwa muda gani?