Ile haikukuwa mu sujet

Bandugu, kila mwaka wakati wa filamu za kumaliza masomo tunaona mzee mmoja. Si mzee yuleyule, lakini filamu ni ileile. Ameketi kwenye foteyi ya salo, kitambaa cheupe mgongoni, kalenda ukutani. Anaulizwa mambo ya wakati wa Wabelgiji, anajibu. Gita linaingia, halafu sauti ya kijana inatuambia kwa Kifaransa kwamba huyu ni kumbukumbu hai ya nchi. Tunapiga makofi, tunarudi kwetu.

Juzi hapa Lubumbashi niliona nyingine, ya dakika 18, ya mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Jina lake silitaji, nataka kuongea kazi, si mtu. Inaonyesha mzee mmoja nyumbani kwake. Alifanya Gécamines miaka 31, akatoka 2003 pamoja na wenzake zaidi ya 10,000 kwa ule mpango ulioitwa « départ volontaire ». Hapa kwetu nani hana jirani mwenye hiyo habari? Njo maana watu walinyamaza toka mwanzo.

Tuseme kweli, filamu ina uzuri wake. Mwanzoni mzee anatengeneza redio. Dakika mbili nzima hakuna neno, ni vidole tu na waya. Tunajua alikuwa fundi wa umeme mbele hajatuambia. Vile vidole vilisema kuliko Kifaransa chote kilichofuata.

Shida inaanza na kofia. Kijana anamwomba mzee avae kofia yake ya zamani ya kazi. Mzee anaipangusa vumbi, anasema: « Zamani chef njo alikuwa ananiambia nivae. Leo ni weye. » Watu walicheka. Mimi nilisikia mtu anayejua kabisa kwamba amepewa tena kazi, na safari hii bila mshahara.

Halafu dakika ya 11. Mjukuu wake wa sekondari anasimama mlangoni na uniforme: « Kambo, bananifukuza juu ya minerval. » Mzee anageuka, anafungua mdomo, na picha inakatwa. Tunaonyeshwa bomba la moshi la kiwanda, kwa mbali, na gita. Baadaye nilimuuliza kijana kwa nini alikata pale. Akanijibu: « Ile haikukuwa mu sujet. »

Jibu hilo njo limenifanya niandike. Wakati wa kampuni, mufanyakazi alipata poso, hospitali, na shule ya watoto. Mwanahistoria wetu Donatien Dibwe dia Mwembu aliandika kitabu juu ya hizo familia, kikatoka 2001, na jina lake linasema kila kitu: Bana Shaba abandonnés par leur père. Kampuni ilikuwa baba, na baba alienda. Sasa mtoto anasimama mlangoni kuomba minerval kwa mzee ambaye zamani hakuhitaji kuifikiria. Hiyo ni sujet nzima, imeingia yenyewe bila kuitwa, na sisi tunaifukuza kwa sababu haikuwa kwenye orodha ya maswali!

Tazameni En route pour le milliard ya Dieudo Hamadi, juu ya watu walioumizwa katika vita ya siku sita ya Kisangani, mwaka 2000. Hamadi anapanda nao mashua mpaka Kinshasa. Wanagombana, wananyeshewa, na kamera inabaki. Hakuna sauti ya kutufundisha tuwahurumie. Tunawaheshimu kwa sababu tunawaona wakitaka kitu.

Wazee wetu katika filamu hizi hawatakiwi kutaka kitu. Wanatakiwa kukumbuka tu.

Siongei kama mtu safi. Mimi pia, nikiwa mwanafunzi, nilimrekodi kambo yangu mwanamke kule Katuba. Nilikuwa na maswali 20 juu ya Union Minière. Kati ya swali na swali alikuwa anarudia habari ya mtoto wake wa kwanza, aliyekufa mdogo. Kila mara nilizima kamera, eti nachunga batri. Mwishowe alinichekea: « Mwanangu, hauyaniuliza hata moya yenye niko nayo mu roho. » Alikufa mbele ya montaji. Niko na dakika 40 za majibu yake kwa maswali yangu. Jina la yule mtoto silijui, na hakuna tena wa kumuuliza.

Kwa hiyo, wadogo zangu wenye kushika kamera mwaka huu: nendeni kwa mzee mara mbili mikono mitupu. Kiti chake msikisogeze, tafuteni mwanga pale anapokaa. Mikro iwe karibu, maana mvua juu ya mabati haina huruma. Akitoka kwenye swali, mfuateni. Na mtu wa kwanza kuona filamu awe yeye, si jury.

Siku ile ya kuonyesha, mzee wa redio hakuwepo. Niliuliza, hakuna aliyemwalika, na anakaa mwendo wa basi moja tu. Ndugu yangu, filamu yako bado inaweza kutengenezwa. Mupelekee, ukae naye, umuonyeshe. Na ule mlango wa dakika ya 11, uurudishe. Sisi wote tunangoja kusikia alimjibu mtoto nini.