Wembe, Kioo na Kuyu

Mkuyu unapozaa kando ya Mto Athi, makuyu hubanana kwenye shina na matawi manene, mafungu kwa mafungu. Mtoto wa Machakos hahitaji kufundishwa namna ya kuyala: hulipasua kuyu kwa vidole, hulipuliza wadudu watoke, kisha hulitia kinywani. Kupasua na kutazama ndani ndiko kulikoanzisha karibu yote tunayoyajua kuhusu mti huu, na kwangu ni kazi ya kustahiwa kuliko mashine yoyote ya maabara.

Kuyu ni ukumbi wa maua uliofungwa. Mamia ya maua madogo yamejipanga ukutani yakielekea katikati, na mlango ni tundu moja lililozibwa kwa magamba. Nyigu jike aitwaye Ceratosolen arabicus, mwenye urefu wa milimita chache tu, hujipenyeza humo kwa nguvu, na mbawa zake mara nyingi hukatikia njiani. Huyachavusha maua, hutaga mayai katika baadhi yake, na hufia humo humo. Majuma kadhaa baadaye watoto wake wa kiume, wasio na mbawa, hutangulia kutoka katika vivimbe walimokulia. Huwapanda majike wakiwa bado vifungoni, kisha huchimba njia ukutani. Majike hupita njia hiyo na kuruka. Madume hawaruki.

Sasa tazama ugumu wa kazi ya mtafiti. Kuyu ukishalipasua umeliua. Huwezi kulifumba ili kesho uone limefika wapi. Inakubidi uchague fungu ambalo makuyu yake yanakwenda pamoja, ulikate moja leo, jingine keshokutwa, jingine juma lijalo, na uunganishe vipande hivyo hadi vitoe maisha kamili. Jacob Galil na Dan Eisikowitch, wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, waliufuatilia mkuyu wa Afrika Mashariki kwa njia hiyo, na mwaka 1968 wakachapisha mpangilio wa hatua tano, A hadi E: kuyu changa lililofungwa, kuyu linalopokea nyigu, kipindi kirefu cha mbegu na mabuu kukua, saa ya chavua kukomaa nyigu wanapotoka, na mwisho kuiva. Hadi leo watafiti wa jamii ya mikuyu duniani huzitumia herufi hizo.

Lakini kazi yao ninayoipenda zaidi ni ya mwaka uliofuata. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba nyigu hubeba chavua kwa bahati tu, kama vumbi lililomganda mwilini. Galil na Eisikowitch walimchunguza mdudu huyo kwa hadubini wakaona mifuko miwili kifuani mwake. Hujaza mifuko hiyo mwenyewe: husimama juu ya ua lililokomaa, huchota chavua kwa miguu ya mbele na kuitia ndani. Akifika katika kuyu jingine huitoa huku akitaga. Mwaka huo huo wa 1969, William Ramírez wa Costa Rica naye alieleza mifuko ya namna hiyo katika nyigu wa huko kwao. Kuona tendo hilo kunataka ulipasue kuyu katika saa yake hasa. Ukiwahi, chavua haijakomaa. Ukichelewa, majike wamekwisha kuondoka.

Umakini huo ndio uliomfichua mdanganyifu. Katika mkuyu huo huo huingia nyigu mwingine, Ceratosolen galili, aliyepewa jina la Galil. Anafanana sana na mwenzake, na mifuko anayo, ila haijazi. Anataga na kulelewa na mti bila kuulipa chochote. Asiyezoea kioo cha hadubini angewahesabu wote wawili kuwa mmoja.

Huko Namibia, kandokando ya Mto Ugab, watafiti walilinganisha vinasaba vya mikuyu na vya mbegu zake, na mwaka 2009 wakatangaza kwamba nyigu mchavushaji, anayeishi siku moja au mbili, amebebwa na upepo akiwa na chavua hadi kilomita 160. Safari ya Machakos hadi Nairobi haifiki hata nusu ya umbali huo.

Misri na Palestina nyigu mchavushaji hayupo, na makuyu hayatoi mbegu. Wakulima wa huko tangu kale huyachanja yakiwa mabichi, na jeraha hilo huyafanya yaive katika siku chache. Nabii Amosi alikuwa mtu wa kazi hiyo. Machakos hatuhitaji wembe wa kuchanja, kwa kuwa nyigu tunaye.

Wembe wetu una kazi nyingine. Mkusanyaji mzuri hukata tawi lenye majani na makuyu, hupasua baadhi ya makuyu nusu kwa nusu ili yakauke na ndani yaonekane, na hubadilisha magazeti anamokaushia kila siku yasiote ukungu. Mengine huyatia katika chupa iliyofunikwa kitambaa chepesi, angoje nyigu watoke, awahifadhi katika alkoholi. Sampuli huenda katika hifadhi ya mimea mikavu ya Afrika Mashariki, iliyoanzia Amani mwaka 1902 na sasa iko Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Makumbusho hayo ndiyo yaliyotoa mwaka 1999 kitabu cha Patrick Maundu, Grace Ngugi na Christine Kabuye kuhusu mimea ya vyakula vya asili vya Kenya, majina ya kienyeji yakiwemo. Kwa hiyo kwenye lebo, chini ya tarehe na jina la mto, anaandika pia jina alilotajiwa na mwenyeji: mukuyu. Huliandika akiwa bado chini ya mti, mwenyeji angali karibu wa kumsahihisha.