Rangi Tatu za Kiswahili na Madai ya Berlin na Kay

Kitabu cha Brent Berlin na Paul Kay juu ya majina ya msingi ya rangi kilitolewa Marekani mwaka 1969, na hadi leo hutajwa kila panapoulizwa kwa nini baadhi ya dhana huikalia akili ya binadamu kwa wepesi kuliko nyingine. Walikusanya habari za lugha 98, Kiswahili kikiwa miongoni mwa zile 20 ambazo wasemaji wake walionyeshwa vipande vya rangi. Walidai kwamba majina ya rangi hayazuki ovyo: lugha yenye mawili itakuwa na la weupe na la weusi, la tatu likiongezeka, litakuwa la wekundu.

Kwa sehemu Kiswahili ni shahidi wao mwema. Mashina -eupe, -eusi na -ekundu ndiyo yanayochukua upatanisho wa ngeli. Mengi ya majina mengine yametokana na vitu: kijani na majani, kijivu na jivu, kahawia na kahawa, manjano ni kiungo cha mchuzi.

Hapa ndipo tunapoachana nao. Kwa kanuni zao, jina ambalo pia ni la kitu hutiliwa shaka. Je, mama anayemtuma mtoto kanga ya manjano, naye mtoto akaileta bila kukosea, wamepungukiwa na dhana gani? Isitoshe, wengi wa wasemaji waliohojiwa waliishi karibu na San Francisco, nao walijua Kiingereza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Eleanor Rosch aliwatetea kwa kiasi: Wadani wa New Guinea, wenye majina mawili tu, walijifunza upesi zaidi majina mapya ya rangi zilizo bayana kuliko ya zile za katikati. Lakini mwaka 2000 Debi Roberson na wenzake, walipowachunguza Waberinmo wa Papua New Guinea, waliona mipaka ya rangi ikifuata lugha ya wenyewe.

Sisi wa istilahi hatuwezi kulipuuza jambo hili. Tumewahi kuletewa orodha ya rangi za vitambaa, kila jina la Kiingereza likidai neno lake la Kiswahili, hata pale ambapo hakuna fundi azitenganishaye rangi hizo. Damu ya mzee, ambayo kila muuza vitambaa anaijua, haikuwamo. Tuliitia wenyewe.