Upinde Juu ya Mlango

Kila Julai 25 huwa natazama Siku ya Mashujaa kwenye televisheni, na sasa najua kila hatua kabla haijafika. Rais anaweka mkuki na ngao kwenye mnara. Mkuu wa Majeshi anaweka sime. Kiongozi wa mabalozi anaweka shada la maua, Meya anaweka upinde na mshale, na mzee anayewakilisha wapiganaji wa zamani anaweka shoka. Viongozi wa dini wanaomba kwa zamu. Kisha watu wanatawanyika.

Mimi nimekulia kijijini, wilaya ya Kahama, na kila mwaka jicho langu linabaki kwenye upinde. Nyumbani kwetu upinde wa babu ulining'inia juu ya mlango. Lakini babu hakwenda vitani. Aliyekwenda ni mdogo wake, aliyechukuliwa na mgambo mwishoni mwa 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvuka mpaka na Mwalimu Nyerere kulitangazia taifa vita Novemba 2. Makumi ya maelfu ya mgambo waliongezwa jeshini. Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979, na babu mdogo akarudi mzima.

Mwaka 2028 Vita vya Kagera vinatimiza miaka 50. Naamini maandalizi yatakuja, na naamini najua yatakavyokuwa: gwaride, hotuba, safari ya Kaboya kule Muleba walikozikwa mamia ya askari wetu, na filamu fupi yenye sauti ya Mwalimu. Sina ugomvi na lolote kati ya hayo. Waliolala Kaboya wanastahili heshima. Ninachokikosoa ni simulizi yenyewe: inaanzia Kagera, inaishia Kampala, halafu inafungwa kama kitabu.

Huku kwetu vita havikuisha hivyo. Mwalimu aliomba wananchi wafunge mikanda miezi 18. Mikanda ilibaki imefungwa miaka. Dukani hakukuwa na sabuni wala khanga. Bunduki za kivita zilisambaa hadi vijijini, na wizi wa ng'ombe, uliokuwapo tangu zamani, ukawa wa risasi. Kwenda polisi nako kulikuwa na historia yake. Mwaka 1976 watuhumiwa waliteswa na wengine kufia mikononi mwa vyombo vya dola hapa Shinyanga, hata Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu kuwajibika.

Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kahama na vijiji jirani, wakaanza Sungusungu. Kila kijiji na ntemi wake na makamanda wake. Mwano ukipigwa, kila mwanamume anatoka na upinde na mishale, anafuata nyayo za ng'ombe hadi zinapoishia. Wizi ulipungua kweli, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Lakini Sungusungu hao hao walipiga watu, walitoza faini bila ushahidi, na walitenga familia nzima. Wapo vikongwe walioitwa wachawi wakafukuzwa.

Babu mdogo alikuwa mmoja wa waliotengwa. Ng'ombe wa jirani walipoibwa, swali la kwanza barazani likawa: nani hapa anajua kutumia bunduki? Haikupatikana bunduki wala ng'ombe. Alikatazwa moto, maji na salamu, na yeyote ambaye angempa angelipa faini. Baada ya wiki chache alihama usiku na mkewe. Bibi ndiye aliyenisimulia, babu alipokwisha kufa.

"Na babu alifanya nini?" nikamuuliza.

"Babu yako alikuwa kamanda, mjukuu wangu. Ungetaka afanye nini?"

Tangu siku hiyo siwezi kumtazama Meya akiweka upinde bila kumwona babu. Silaha ile ile inayowekwa kwa heshima ya shujaa ndiyo iliyomfukuza shujaa wa nyumba yetu. Sherehe haina pa kuliweka jambo hilo, kwa sababu imejengwa kwa watu wa aina mbili tu: waliokufa, ambao hawawezi kusema, na viongozi, ambao husema kwa niaba yao. Mgambo aliyerudi hai hana zamu.

Kwa hiyo, kama kuna kamati itakayokaa kupanga 2028, ombi langu ni dogo na halihitaji mnara mpya. Miaka miwili kabla, kila kata iandike majina ya mgambo wake: nani alikwenda, nani alirudi, nini kilimpata aliporudi. Wazee wanaokumbuka wanapungua kila msimu wa kilimo. Majina yasomwe kwenye kata, mbele ya wajukuu, kabla Rais hajashika mkuki. Na panapotajwa Sungusungu, patajwe yote mawili, ulinzi na uonevu.

Najua ugumu wake. Orodha hiyo italeta maneno, na familia nyingine zitapenda yaishe. Kwetu pia wapo wanaotaka hivyo. Upinde bado uko juu ya mlango, kamba yake imekatika. Watoto wa babu mdogo hawajawahi kuingia kupitia mlango huo.