Kifo cha Ivan Ilitch

Tumesoma tena kitabu kidogo cha Tolstoï, Mrusi, kilichotolewa mwaka 1886: Kifo cha Ivan Ilitch. Ndugu waseminari, wengi wenu mlikisoma kwa Kifaransa, na mlikisoma upesi sababu ni kifupi. Twaomba mkisome tena polepole.

Habari yake si kubwa. Ivan Ilitch ni mwamuzi wa tribunali, mtu wa adabu, mwenye mshahara mzuri na nyumba mpya. Siku moja anapanda ngazi kumwonyesha fundi namna ya kutundika mapazia, anateleza, anajigonga ubavuni. Anacheka tu. Baadaye maumivu yanaanza, na waganga wanabishana: ni figo ao ni utumbo? Anakufa mwenye miaka 45.

Katika masomo ya lojika kila mmoja wetu amejifunza: Kayo ni mtu, watu wote hufa, basi Kayo atakufa. Ivan Ilitch naye alijifunza hivyo, akaona ni kweli kabisa, lakini kwa Kayo. Sisi pia tulipata alama nzuri kwa somo lile, tena tumehubiri makaburini mara nyingi. Lakini siku ile mganga alipotazama karatasi yetu akakaa kimya, tulitambua ya kuwa hatukujua kitu. Ugonjwa ulipona. Tangu siku ile hatuwezi tena kumwambia mgonjwa «utapona» kama neno la salamu.

Maana kinachomtesa Ivan Ilitch kupita maumivu ni uwongo. Wote wanajua, naye anajua, na wote wanasema ni ugonjwa mdogo. Kijana mmoja tu, Guérassime, mtumishi kutoka kijijini, hasemi uwongo. Anaishika miguu ya bwana wake mabegani usiku mzima, bila kuchoka na bila kuchukizwa, kwa kuwa yeye pia siku moja atakufa. Kwa macho yetu huyu ndiye mtu mkubwa wa kitabu, ijapokuwa anasema maneno machache.

Hapa kwetu mgonjwa hafi peke yake; nyumba inajaa watu. Lakini tusijisifu upesi. Uwongo unaingia pamoja nao, tena tunao mwingine ambao Tolstoï hakuujua: tunamtafuta mlozi. Ivan Ilitch anajiuliza kama ameishi vibaya. Sisi tunauliza nani amemloga. Na mara nyingi mzee mmoja asiye na kosa anafukuzwa kijijini, wakati mgonjwa mwenyewe hakuulizwa anataka kumsamehe nani.

Tuna neno na mwandishi. Padri anafika, mgonjwa anaungama na kukomunika, anapata raha kidogo, halafu raha inapotea na mawazo yanarudi kwa mganga. Tolstoï hakulipenda Kanisa, na Kanisa la Urusi lilimtenga mwaka 1901. Tungeweza kusema hivi na kufunga kitabu. Lakini padri yule hakai, na hapo sisi tunajitambua. Mtaguso ulisema mwaka 1963 kwamba mpako si wa wale tu walio karibu kabisa kufa; hata hivyo watu wakituona na mafuta matakatifu wanaanza kulia, kwa sababu tumewazoeza kutuona dakika ya mwisho.

Tena, nuru inamfikia Ivan Ilitch saa mbili tu kabla ya kufa, nyuma ya siku tatu za kupiga kelele, mwanawe anapoubusu mkono wake. Msomaji mvivu atasema: basi, nami nitangoja saa zile mbili.

Labda ndiyo sababu Tolstoï aliweka kilio mwanzoni mwa kitabu. Maiti ingali nyumbani, na rafiki zake wanahesabu nani atapewa cheo chake. Mmoja anaona hofu kidogo, anajituliza kwamba aliyekufa ni Ivan Ilitch, si yeye, kisha anakwenda kucheza karata. Anafika kwa wakati mzuri.