Picha na Maelezo Yake: Uchambuzi wa Metadata katika Programu ya GIMP

Faili la picha ya kidijitali hubeba vitu viwili vinavyosafiri pamoja: pikseli, yaani vidoa vidogo vya rangi ambavyo kwa wingi wao huunda sura inayoonekana, na metadata, yaani maelezo kuhusu picha hiyo, kama vile ilipigwa lini, kwa kifaa gani, wapi na nani. Wakati wa filamu, maelezo ya aina hii yaliandikwa kwa kalamu nyuma ya picha iliyokwisha kusafishwa studio. Leo huandikwa ndani ya faili lenyewe, mahali ambapo jicho halifiki bila msaada wa programu.

Metadata ya picha huandikwa kwa viwango vitatu vikuu, na kila kimoja kina asili na kazi yake. EXIF, kilichobuniwa na chama cha viwanda vya elektroniki cha Japani mwaka 1995, ni lugha ya kamera: mara tu picha inapopigwa, kifaa huandika chenyewe aina yake, urefu wa fokasi ya lenzi, muda ambao mwanga uliruhusiwa kuingia, na tarehe. IPTC ni lugha ya chumba cha habari, kwa kuwa kiliwekwa mwaka 1991 na baraza la kimataifa la vyombo vya habari lenye jina hilohilo, ili maelezo, jina la mpigapicha na hakimiliki visipotee picha inapotoka shirika moja kwenda jingine. Cha tatu, XMP, kilianzishwa na kampuni ya Adobe mwaka 2001, nacho hukusanya maelezo ya aina zote katika maandishi yanayoweza kupanuliwa kadiri mahitaji yanavyoongezeka.

Katika GIMP, programu huria ya kuhariri picha, uwezo wa kutazama na kuhariri metadata uliimarishwa katika toleo la 2.10 la Aprili 2018, na namna ulivyopangwa inastahili kuangaliwa kwa makini. Menyu inayohusu picha ina sehemu ya metadata yenye amri mbili zilizotenganishwa, moja ya kutazama na nyingine ya kuhariri. Dirisha la kutazama huonyesha viwango vyote vitatu, kila kimoja katika kichupo chake, lakini halibadilishi chochote. Dirisha la kuhariri lina nafasi za kujaza kichwa, maelezo, mtunzi, maneno ya kutafutia, hakimiliki na mahali, ila halimpi mhariri nafasi ya kuandika upya vipimo vya lenzi na mwanga. Kwa mpangilio huo, ushuhuda wa mashine umetengwa na kauli ya binadamu, jambo linalofaa, kwa sababu mambo hayo mawili hayana uzito sawa wala hayakosei kwa namna moja.

Mfano wa picha ya karatasi ya sherehe za Uhuru wa Tanganyika, 9 Desemba 1961, inayonakiliwa leo kwa kamera ya kidijitali, unaonyesha tofauti hiyo. EXIF itataja kamera ya leo na tarehe ya leo, na kwa upande wa mashine taarifa hiyo ni sahihi kabisa, kwani ndivyo tendo la kunakili lilivyofanyika. Hata hivyo, kwa mtafiti atakayeipanga picha hiyo kwa tarehe, ni upotoshaji wa zaidi ya miaka sitini. Ni mhariri pekee anayeweza kuandika tarehe ya tukio katika nafasi ya IPTC au XMP, na pale ambapo siku haijulikani, kiwango cha XMP kinaruhusu mwaka pekee uandikwe.

Ujazaji wenyewe una mitego yake. Kamera huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, hivyo picha iliyopigwa saa tatu asubuhi kwa hesabu ya Kiswahili itaandikwa 09:00, na maelezo yasiyotaja kipindi cha siku yataonekana kupingana na EXIF kwa saa sita. Aidha, muundo wa awali wa IPTC huruhusu baiti 32 tu kwa jina la mpigapicha, na kwa kuwa kila herufi ya Kiswahili huchukua baiti moja, majina matatu marefu yanaweza kukatwa. Maelezo ya picha, kwa upande wake, hupewa baiti 2,000.

Kazi hukamilika wakati wa kutoa faili la JPEG, kwa maana dirisha la hatua hiyo lina visanduku vya kuchagua kama EXIF, IPTC na XMP vihifadhiwe au viachwe. Uamuzi huo hutegemea safari ya picha: nakala ya maktaba inahitaji vyote, ilhali picha ya nyumbani kwa mtu inayopelekwa hadharani inafaa kuondolewa viwianishi vya GPS, yaani namba za latitudo na longitudo zinazoweza kumfikisha msomaji hadi mlangoni. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua kisanduku chochote, mhariri makini hurudi kwanza kwenye dirisha la kutazama, kwa kuwa hawezi kuamua kuhifadhi au kufuta asichokisoma.