Betri Inapokufa Usiku

Gari lisilowaka asubuhi, starta ikiwa nzima, mara nyingi lina kasoro moja kati ya tatu: betri imechakaa, alternata haichaji, au kuna kitu kinanyonya umeme gari likiwa limezimwa. Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai chini ya Mlima Meru hufanya oili kuwa nzito na betri kupungua nguvu. Ndiyo maana miezi hiyo betri mpya hununuliwa haraka, mara nyingi bure, kwa sababu kasoro ya pili au ya tatu itaimaliza na hiyo mpya.

Kipimo cha kwanza hufanywa injini imezimwa. Betri iliyojaa husoma takribani volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Gari lililotoka safarini muda si mrefu husoma juu kwa udanganyifu, hivyo taa kubwa huwashwa dakika mbili na kuzimwa kabla ya kupima. Kisha starta hupigwa huku mita ikitazamwa. Betri iliyojaa ikaporomoka chini ya volti 9.6 imechoka ndani.

Injini ikiwaka, volti zipande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Zikigoma kupanda, feni belti hukaguliwa kwanza, kisha brashi za alternata. Land Cruiser za watalii ziendazo Tarangire na Ngorongoro hula vumbi kiangazi chote, na vumbi hilo husaga brashi mapema. Volti zikipita 15, reguleta imekufa na maji ya betri yatachemka. Wapo mafundi wanaochomoa terminali injini ikiunguruma, eti gari lisipozima alternata ni nzima. Ni mtindo wa kuachwa: volti huruka ghafla na huweza kuunguza kompyuta ya gari.

Vyote hivyo vikiwa sawa, waya wa hasi hushukiwa. Mita huwekwa kati ya nguzo hasi ya betri na chuma cha injini, starta inapigwa. Ikisoma zaidi ya nusu volti, kuna kutu au nati iliyolegea.

Kazi ngumu ni kumsaka mwizi wa usiku. Waya wa hasi hufunguliwa, na mita iliyowekwa kwenye ampea 10 huunganishwa kati yake na betri. Mlango huachwa wazi, lakini kitasa chake husukumwa kwa bisibisi mpaka kijifunge, ili gari lidhani limefungwa. Husubiriwa nusu saa, kwani kompyuta za magari mapya huchelewa kulala, na swichi haiguswi, la sivyo fyuzi ya mita inaungua. Gari zima hula chini ya miliampea 50. Likila 500, betri ya ampea-saa 60 humalizika kwa siku tano, na starta itashindwa kabla ya hapo.

Badala ya kuchomoa fyuzi na kuziamsha kompyuta zilizolala, waya wa hasi hurudishwa kwenye betri, gari huachwa lilale tena, kisha mita na waya zake huhamishiwa kwenye milivolti na kuguswa vichwa viwili vya kila fyuzi: penye usomaji pana umeme unaopita. Washukiwa wa kwanza ni vitu vilivyofungwa baadaye. Redio za Japani huanzia FM 76 na huishia chini ya vituo vingi vya hapa, kwa hiyo hubadilishwa. Fundi akiunganisha waya wa njano na mwekundu pamoja kwenye umeme usiokatika, redio mpya hailali kamwe. Alamu, kifaa cha kufuatilia gari, na friji ya safari iliyounganishwa moja kwa moja na betri hufuata.

Fyuzi zote zikiwa kimya na umeme bado unaondoka, alternata huguswa kwa kiganja. Ikiwa ya vuguvugu baada ya gari kulala usiku kucha, daiodi yake inavuja. Waya wake mnene haupiti kwenye fyuzi ndogo, ndiyo maana hazikuonyesha kitu. Betri ikishatenganishwa, waya huo hufunguliwa na ncha yake kuzungushiwa plasta ya umeme, kisha kipimo cha ampea hurudiwa. Usomaji ukishuka, alternata ndiyo ya kushushwa.